Msimu gani unafaa kupiga picha za ndege? Jibu kwa mwalimu wa Jinja

Swali: Asalaam aleikum kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Jinja. Nimenunua kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300. Nataka kupiga picha za ndege na wanyama wa hapa hapa kwetu, maana pesa ya kwenda mbugani sina. Watu wananiambia nisubiri Desemba, kiangazi kianze, mvua isije ikaniharibia kamera. Ni kweli? Halafu mbona ndege wangu wengi wanatoka weusi tii, hawana hata jicho? Au nijichange ninunue lenzi kubwa zaidi?

Jibu:

Waaleikum salaam, dada. Usisubiri Desemba. Waliokushauri hivyo wanaihurumia kamera, na nia yao ni njema, lakini ndege hawana habari na kamera yako. Wao hufuata maji na chakula, na huku kusini mwa Uganda vyote viwili hupangwa na mvua: mvua ya kwanza ya Machi hadi Mei, na ya pili ya Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba, na viangazi viwili katikati. Kila kipande cha mwaka kina ndege wake, au kina ndege wale wale wakiwa wamevaa manyoya mengine.

Kuliko kuhangaika na mwezi, hangaika na mahali. Uganda ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege, kwa hiyo mwenye lenzi ya milimita 300 hashindwi kwa kukosa ndege. Anashindwa na umbali. Ndege mdogo aliye mita thelathini atakuwa nukta tu kwenye picha, hata umnyemelee vipi, na ukizidi kumnyemelea anaruka. Umbali huo hupunguzwa na mazoea. Chagua sehemu moja ya ukingo wa ziwa au wa Nile unayoweza kufika asubuhi kabla ya kengele ya shule, urudi hapo hapo mwaka mzima. Ndege wa Jinja wamekwishazoea wavuvi, waosha pikipiki na akina mama wanaofua. Ukikaa chini kimya karibu na watu hao, nawe utahesabiwa mmoja wao. Baada ya muda utajua nani hutua kwenye tawi lipi, na saa ngapi.

Sasa weusi, kwa sababu huo unaweza kuutibu jioni ya leo. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Ndege akiwa mbele ya anga jeupe, kamera huona mwanga umezidi, inaupunguza, na ndege anabaki kivuli. Tafuta kitufe chenye alama ya + na −. Kwa ndege aliye mbele ya anga, panda hadi +1, na anga likiwa jeupe kabisa, lile la mawingu ya Aprili, fika hata +1.7. Kwa yangeyange aliyesimama juani mbele ya mafunjo yenye giza, fanya kinyume: shuka hadi −0.7 au −1, la sivyo weupe wake utaungua na hutaona unyoya hata mmoja.

Hiyo ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni kusimama jua likiwa mgongoni mwako. Sisi tuko kwenye ikweta, jua hupanda wima. Hapa Jinja huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi mwaka mzima, na ikifika saa tatu na nusu limekwisha kuwa kali, uso wa ndege umejaa kivuli chake mwenyewe. Piga mapema, kisha urudi tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Mchana ni wa kutazama na kuandika, ila kukiwa na mawingu mepesi unaweza kupiga siku nzima.

Kuhusu namba: ndege aliyetulia mpe kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, anayeruka 1/2000. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande hadi 1600, hata 3200. Wageni wengi huiogopa ISO, wakarudi nyumbani na picha zilizotikisika. Picha yenye chengachenga ina matumizi, iliyotikisika haina. Fokasi iweke kwenye jicho, daima.

Mwanafunzi wako wa kwanza awe mdiria, yule mweusi kwa mweupe anayesimama hewani juu ya maji akipiga mbawa, kisha anaporomoka kichwa chini. Yupo kila mwezi, hana aibu, na unaweza kumtofautisha dume na jike kwa macho: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja, mara nyingi umekatika katikati. Wengi humfukuza kwa lenzi akiwa hewani, wanapata maji matupu. Wewe usimtafute hewani. Akishika samaki lazima atue ampigepige, na anapenda kurudi pale pale: gogo, nguzo ya kufungia mitumbwi, waya wa umeme. Tafuta kituo chake chenye kinyesi cheupe kingi, kaa mita saba au nane kutoka hapo kabla hajaamka vizuri, jua mgongoni, fokasi umeshaiweka kwenye ncha ya gogo. Atakuja. Atamshika samaki mkiani, amgongeshe kwenye mti kushoto na kulia, amgeuze, ammeze kwa kuanzia kichwani ili mapezi yasimkwame. Kwenye ile gongagonga, kasi ya 1/1600 itakamata matone yanayoruka. Hapo milimita 300 zinatosha kabisa.

Mvua ya kwanza ikishika, achana na maji kidogo uende kwenye mti wenye viota vya minana, wale ndege wasukaji. Jinja hukosi mti wa namna hiyo, mara nyingi upo karibu na nyumba za watu. Mnana dume mwenye kichwa cheusi hurarua ukanda wa jani la mnazi, la mchikichi au la tete, akaanza na pete moja inayoning'inia, akasimama ndani yake na kusuka kwa mdomo kuizunguka. Hatua ya pete ndiyo yenye picha bora, maana uso wa ndege unakaa katikati ya duara, na watu wengi huikosa kwa sababu huja kiota kikiwa kimekwisha. Kikiisha, dume hujining'iniza chini ya mlango, anapepesa mbawa na kupiga kelele majike waje kukagua. Jike huingia, huvuta nyuzi, hutoka. Kiota kikikauka kikawa cha kahawia bila kupata mpangaji, dume mwenyewe hukibomoa akaanza upya, kwa kuwa majike wanataka kibichi. Ukikaa chini ya mti huo asubuhi moja utaona ndoa, uvunjaji na wizi wa nyuzi. Mlango wa kiota unatazama chini, kwa hiyo piga ukiwa chini, na hakikisha jua la asubuhi linaingia kutoka upande wako. Mwangalie pia kekeo mdogo wa kijani kinachong'aa anayevizia pembeni. Anatafuta nafasi ya kutaga yai lake humo, alelewe mtoto wake bure.

Wakati huo huo, kwenye mashamba ya mpunga na majani marefu, kweche dume hugeuka mwekundu na mweusi, anajitutumua na kuruka kama aliyevaa joho. Fumbwe anaota mkia mrefu kuliko mwili wake. Mvua zikiisha, wote hao hurudi kuwa kahawia yenye michirizi, dume na jike hawatofautiani, na mpiga picha mgeni hudhani wamehama. Hawajahama. Wapo mbele yake, wamevua sare.

Halafu kuna kumbikumbi. Mvua kubwa ikinyesha, jua likatoka, ardhi inatoa mabawa. Nyumbani kila mtu anakimbilia beseni na blanketi. Wewe kimbilia kamera. Mwewe huwakamata kwa kucha na kuwala huku akiruka, anainamisha kichwa hadi miguuni, na ukiwa na 1/2000 utapata bawa la kumbikumbi likidondoka. Mbayuwayu na keremkerem hupita chini kabisa. Kaloli, yule korongo mkubwa mwenye mfuko shingoni ambaye watu wa Kampala wanamfahamu zaidi kwenye majalala, hutembea tu akiokota. Usimdharau kaloli. Ni mkubwa, ni mpole, anakaa karibu, na miguu yake inayoonekana myeupe ni myeusi iliyopakwa kinyesi chake mwenyewe ili kujipoza joto. Nenda soko la samaki la Masese utawakuta, pamoja na mwewe na yangeyange wanaogombea matumbo ya sangara.

Kuanzia Septemba wageni wanaingia kutoka Ulaya na Asia, na hukaa hadi Machi au Aprili. Hapa ndipo ushauri wa kusubiri Desemba unapokupotezea zaidi, maana utakosa kuwaona wakifika. Tazama uwanja wa mpira wa shule yako mwezi wa Oktoba: kuna ndege mwembamba anayetikisa mkia kila anapopiga hatua, hasa ng'ombe wakipita. Ni kiluwiluji wa manjano. Akifika amefifia, kijivu na uchafuuchafu. Mpige. Mpige tena Januari, halafu Machi, atakapokuwa wa manjano kama yai kabla ya kuondoka kwenda kuzaa kaskazini. Mbayuwayu wa Ulaya naye hufika na manyoya yaliyochakaa, anayabadilisha akiwa huku kwetu, na ncha zile ndefu za mkia hukamilika karibu na safari ya kurudi. Buabua wanaocheza juu ya ziwa, hasa pale mawingu ya vijidudu vya ziwani yanapoinuka kama moshi, ni weupe na kijivu Novemba. Kufikia Aprili baadhi yao ni weusi mwili mzima isipokuwa mabawa na mkia. Ukipita Entebbe, ghuba ya Lutembe hukusanya makundi makubwa sana ya hao.

Kwa maoni yangu, picha tatu za kiluwiluji yule yule wa uwanjani kwenu, za miezi mitatu tofauti, zina thamani kuliko simba mmoja uliyempiga kupitia dirisha la gari la watalii. Na wanafunzi wako wataelewa uhamaji bila ramani.

Basi Desemba ikifika, na kiangazi cha hadi Februari, utapata kile ulichoahidiwa: kamera kavu. Utapata pia ukungu wa vumbi na moshi. Picha ya mbali hupauka, hata ng'ambo ya Nile inafifia, kwa hiyo piga karibu tu. Faida yake ni kwamba vidimbwi hupungua na ndege hubanana. Mti wa jjirikiti hupukutisha majani na kuchanua maua mekundu, na chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, hawatoki hapo. Simama kwenye ua moja lililo usawa wa macho na umsubiri, kwani atalirudia. Ukipata usafiri wa kuelekea Tororo, mashamba ya mpunga ya Kibimba, Bugiri, yana kwarara, yangeyange na mara nyingi korongo taji, ndege wa taifa aliye kwenye bendera yetu. Omba ruhusa langoni, shamba lina wenyewe. Na korongo mpige kutoka mbali. Tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka, na mabwawa anayotagia yanageuzwa viazi na nyumba kila mwaka.

Kalenda hii usiipeleke kaskazini. Kule mvua ni moja ndefu, takriban Aprili hadi Oktoba. Kwenye mbuga za Murchison na Kidepo majani hurefuka hadi kuficha nyati, sembuse ndege, kisha kiangazi kinakuja na moto wa nyika. Pembezoni mwa moto huo keremkerem wekundu hupiga mbizi kwenye moshi wakifuata panzi wanaokimbia. Ukiwahi kupata safari ya shule kwenda Murchison, omba iwe Januari au Februari.

Juni hadi Agosti ndio wakati mgumu kwa anayejifunza majina. Wageni wa kaskazini hawapo, na kila kichaka kina makinda yaliyotoka kiotani, ya kahawia, yasiyofanana na picha yoyote kitabuni. Piga tu, majina yatakuja. Jua kwamba miezi hiyo ndiyo mbayuwayu buluu, aliye adimu duniani, hukaa kwenye nyasi za Sango Bay upande wa Masaka na Rakai akikimbia baridi ya kusini mwa Afrika. Kwa hiyo hata wakati tunaoita mkavu una wageni wake.

Umeuliza na wanyama. Hapo ulipo anza na kenge. Asubuhi yuko baridi, anahitaji jua, na kati ya saa tatu na saa nne hulala juu ya mawe ya ukingoni bila haraka. Lala chini, lenzi iwe usawa wa jicho lake. Ukimpiga kwa kusimama anakuwa mjusi wa kawaida. Tumbili ni rahisi na wezi, funga begi. Fisi maji anahitaji subira na bahati. Kabla ya kuchuchumaa ukingoni, waulize wavuvi kama sehemu hiyo ina mamba au kiboko, na wakisema usikae, ondoka.

Kuna ruhusa nyingine pia. Mwone mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, wa eneo utakalolizoea, umwonyeshe picha zako. Mtu anayezunguka na lenzi ndefu alfajiri huzua maswali. Usiielekeze kamera kwenye bwawa la Nalubaale wala daraja jipya la Nile, hata kama ndege wa maisha yako ametua pale. Askari hatasikiliza habari za ndege. Kwenye viota, usikate tawi "kupata mwanga", na ukiona mama anazunguka na chakula mdomoni hataki kuingia, umesogea mno. Wapo wanaocheza mlio wa ndege kwenye simu ili atokee. Mimi silipendi jambo hilo hata kidogo: dume anaacha kulisha watoto ili apigane na spika.

Siku ukipata nafasi ya kwenda mbali, panda mtumbwi Mabamba, magharibi ya Entebbe, ukamtafute korongo-nyangumi, yule mwenye mdomo mpana kama kiatu. Watu hudhani anataka lenzi ya bei mbaya, kumbe husimama kimya muda mrefu akivizia kamongo, na 300 yako inamtosha, mradi umwambie mwendesha mtumbwi asimsukume karibu. Msitu wa Mabira uko njiani, lakini ndani ni giza. Pale nenda na masikio zaidi kuliko kamera. Programu ya Merlin kwenye simu itakusaidia kwenye majina, na NatureUganda, chama kilichoanza mwaka 1909 kama jumuiya ya elimu ya viumbe ya Afrika Mashariki, huandaa matembezi ya pamoja na kuhesabu ndege wa majini. Jiunge nao, utajifunza haraka.

Mvua yenyewe isikutishe. Kavera moja, yaani mfuko wa plastiki, lililotobolewa tundu la lenzi, likafungwa kwa mpira, linatosha kwa manyunyu. Adui wa kweli wa lenzi huku ziwani ni unyevu wa kabatini. Ielekeze lenzi yako kwenye mwanga uitazame ndani: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, mpelekee fundi kabla haijala kioo. Kama ni safi, iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mchele usitumie, una vumbi. Na kwenye boda, begi libebe kifuani, mtikisiko unapungua.

Lenzi kubwa? Bado. Nyingi za aina yako hupoteza ukali wa picha zikifika 300, kwa hiyo mwanga ukiruhusu funga uwazi wa lenzi hadi f/8 uone tofauti. Pesa ukiipata, nunua darubini ya 8x42 kwanza, inayokuza mara nane na yenye vioo vya mbele vya milimita 42, maana muda mwingi utakuwa unatazama, na anayetazama vizuri ndiye anayejua gogo lipi la kukalia. Zile ndogo za mfukoni zilizoandikwa 10x25 ziache hata muuzaji akupunguzie. Kioo chake cha mbele ni kidogo, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi utakachoona ndani yake ni giza.